Kisukuma cha Mzee Liaquat

Lugha za Mzee Liaquat ziliondoka moja moja. Kiingereza ndicho kilichotangulia, na hakuna aliyekililia, maana hata kilipokuwepo alikitumia kubishana na watu wa kodi tu. Kigujarati kikafuata. Kisha Kikachi, lugha aliyoinyonya kwa mama yake, kikaanza kukatika, leo neno lipo, kesho halipo, hadi asubuhi moja kule Mwanza binti yake Mehjabin alipomuuliza kwa Kikachi kama anataka chai, mzee akamtazama kwa upole tu, kama anavyotazamwa mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo. Kiswahili nacho kikabaki vipande vipande. Kilichosalia kizima, na matusi yake na vichekesho vyake vyote, kilikuwa Kisukuma.

Kisukuma, jamani! Mhindi wa watu, kofia nyeupe kichwani, ndevu zimechanwa vizuri, akiamka anasalimia kwa Kisukuma, tumbo likimuuma analalamika kwa Kisukuma, na akikasirika ndiyo usiseme. Lusia, mama kutoka Kagongwa aliyekuwa akimsaidia Mehjabin kazi za nyumbani, alimsikiliza mzee huku kashika mbavu kwa kucheka. "Mama Naznin," alimwambia Mehjabin, "huyu baba yako ana Kisukuma cha kizamani kabisa. Anaongea kama marehemu bibi yangu." Mzee naye alimwita Lusia mayu, yaani mama, kwa sauti laini, na kila alipomwita hivyo Mehjabin alisikia kitu kinamchoma kifuani. Ulikuwa wivu, tuseme ukweli. Kumwonea wivu mtu unayemlipa mshahara ni aibu ambayo huwezi kumsimulia hata shoga yako.

Maana yeye Mehjabin Kisukuma hakukijua hata cha kuombea maji. Nyumba yao ya Shinyanga, ile aliyozaliwa, ilikuwa na dunia mbili. Ghorofani waliishi mama, shangazi, bibi na Kikachi chao. Chini, dukani, aliishi baba na wateja wake waliotoka vijijini, na lugha ya huko chini ilikuwa Kisukuma. Binti hakuruhusiwa kushuka hadi kaunta. "Dukani si mahali pa mtoto wa kike," bibi alisema, na likawa limekwisha. Halafu Mehjabin akapelekwa shule ya bweni Mwanza akiwa bado na meno ya utoto, akawa mtu wa kurudi likizo. Hivyo yeye alimjua baba yake kwa kisogo kuliko kwa uso, kofia ile nyeupe aliyoichungulia kutoka roshani ikiingia na kutoka barazani. Mtu mgumu. Hakuwa na mambo ya kukumbatia wala kubusu. Akimpokea alimpa mkono, akimuaga alimpa mkono.

Sasa Adam, mdogo wake Mehjabin, alikuwa amekwisha panga yote. Yeye yuko Dar es Salaam, Upanga, ana nyumba yenye lifti, ameajiri muuguzi, na tiketi ya ndege ya mzee ilishakatwa, ya Jumatatu. Wala Adam hakuwa mtoto mbaya. Aliona dada yake amechoka, magoti yanamsumbua, mzee anafungua mabomba usiku na mchana, anatoka getini akisema anachelewa. Tatizo lilikuwa moja tu. Lusia alishasema Dar haendi, ana watoto, ana mpunga wake shambani. Huko Upanga hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwelewa mzee akisema ana kiu.

"Dada, hata yeye mwenyewe hajui anaongea nini," Adam alimwambia kwenye simu. "Kwake lugha yoyote ni sawa."

Mehjabin moyoni akaweka nadhiri, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha mambo, akamwambia Adam vilevile: atampeleka mzee Shinyanga kabla ya Jumatatu, wazunguke mji wote wa zamani. Mzee akimwita jina lake hata mara moja, haendi popote. Asipomwita, basi, apande ndege. Hakuwa amemwita tangu Ramadhani iliyopita.

"Mehju," Adam alisema, "unajiumiza bure." Kisha akashusha pumzi. "Haya, nenda. Ukimaliza niambie."

Wakaenda, wao watatu kwenye gari ya kukodi: Mehjabin, mzee na Lusia. Walifika Shinyanga asubuhi, jua bado halijaanza ukorofi wake. Mehjabin alimshusha mzee mwanzo wa mtaa wa maduka, akamshika kiwiko.

Mwenzangu, mji ukiuacha, nao unakuacha. Bajaji na bodaboda zilikuwa zimejaa pale zamani palipoegeshwa baiskeli za wakulima. Lakini nyumba za kale zilikuwepo bado, zimebanwa katikati ya maghorofa ya vioo, na paji la kila nyumba lina jina la aliyejenga na mwaka, vimeandikwa kwa saruji. Mehjabin aliona jina la Bhanumati limefifia juu ya duka la simu, akasimama katikati ya njia kama mtoto. "Baba! Kwa Bhanumati! Si unakumbuka? Wale Mabaniani, gathia zake za kukaanga, na bisi za dengu! Idi tunawapelekea sisi mithai, vile vitamu vyetu, Diwali wanatuletea wao!" Harufu ya dengu za kukaangwa ilimjia puani, haki ya Mungu, ingawa pale palinuka plastiki tu. Machozi yakamlengalenga. Mzee alitazama lile jina, akatazama simu kwenye kioo, akapiga miayo.

Akampeleka pa studio ya picha. Kule ndani kulikuwa na pazia lililochorwa ziwa na mbayuwayu, na kila Msukuma aliyeuza pamba alikuja kupigwa picha na ziwa hilo, mke amesimama, mume amekaa, redio mpya katikati. Sasa ni duka la mitumba. Akampeleka pa mkate wa boflo, ambapo mkate ulikatwa ukiwa wa moto na kupakwa siagi mbele yako. Pamefungwa, kufuli lina kutu. Akampeleka chini ya miarobaini, upande ambao upepo wa msimu wa pamba ulileta nyuzi nyeupe kutoka ginneri, kiwanda cha kuchambua pamba, zikatua kwenye nywele za watoto, nao wakazipepeta wakisema ni theluji, na theluji yenyewe hawajawahi kuiona. Ee, msimu wa pamba! Familia nzima ilikuja na gari la ng'ombe, ikanunua jora la kitambaa, ikaketi barazani kumsubiri fundi cherehani, na jioni baba, mama na watoto wote wakarudi kijijini wamevaa ua moja. Mehjabin aliyaona hayo yote kwa juu, kidevu kwenye chuma cha roshani, na hakuna mahali duniani alipopapenda kama roshani ile. Alikuwa akimsimulia mzee huku akicheka peke yake.

Mzee akasema kitu, kwa Lusia. Lusia akaziba mdomo.

"Anasema nini?"

"Aa, Mama Naznin, achana naye."

"Lusia, anasema nini?"

"Anasema huyu mama anatuzungusha juani kama ng'ombe wa mnadani. Anauliza atatuuza saa ngapi."

Lusia alicheka, na Mehjabin naye akajilazimisha kucheka. Lakini lile "huyu mama" lilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Waliketi mgahawani, mzee akanywa chai yake kwa kuimimina kwenye kisahani, na Mehjabin akamtazama, akaanza kuelewa jambo ambalo hakulipenda. Mji huu aliokuwa akimwonyesha ulikuwa wa kwake mwenyewe. Ulikuwa mji wa kutazamwa kutoka ghorofani. Mzee huyu lini alipata nafasi ya kuangalia nyuzi za pamba zikitua kwenye nywele za watoto? Alikuwa chini, anauza.

"Twende sokoni," Lusia alisema. "Watu wazima wanapenda kelele."

Soko lilikuwa na kelele za kutosha. Mchele ulilundikwa kwenye maturubai, dagaa wa ziwani wakanuka hadi barabarani, na wanawake wa vijijini walikaa chini na michembe yao, viazi vile vya kukausha, wakiitana kwa Kisukuma kutoka safu moja hadi nyingine. Mehjabin aliona mabega ya mzee yananyooka. Kweli, yalinyooka. Lusia akainama kuchagua michembe ya kupeleka nyumbani, na hapohapo simu ya Mehjabin ikalia. Ni Adam.

"Vipi, amekutambua?"

"Bado. Adam, subiri kidogo, tupo sokoni."

"Dada, muuguzi anauliza kama mzee anatumia dawa za presha asubuhi au..."

Akageuka upande ili asikie vizuri. Alipogeuka tena, mzee hakuwepo.

Alikata simu bila kuaga. "Lusia! Baba yuko wapi?" Lusia aliangusha michembe yote chini. Wakaangalia mbele, nyuma, chini ya meza za wauza nyanya kama vile mzee angekuwa paka. Lusia akakimbilia upande wa nafaka, kisha akarudi anahema, maana Mehjabin peke yake kwenye umati ule hakuwa na faida yoyote.

"Samahani, mmemwona mzee wa Kihindi, kofia nyeupe?" Lusia akauliza.

"Yule anayepiga Kisukuma?" muuza nyanya akajibu, tena kwa hasira. "Kapita hapa! Kanisema mbele za watu kwamba nzuri naziweka juu na mbovu naficha chini. Na ni kweli, lakini ndiyo aniseme mbele za watu?" Halafu akacheka mwenyewe. "Kaelekea kule nyuma. Anatembea huyo! Mwenda kwao si mtumwa."

Kule nyuma ndiko Mehjabin hakuwahi kukanyaga maisha yake yote. Alizaliwa mtaa wa pili tu kutoka hapo, na hakupajua. Kulikuwa na kichochoro cha wahunzi, majembe yanagongwa, na mhunzi mmoja mzee akamwambia Lusia kwamba babu Mhindi kapita, kamsalimia kwa jina la baba yake, na yeye baba yake alikufa zamani sana, kwa hiyo amebaki ameshika nyundo, hajui aendelee na kazi au aende kumfuata. Kulikuwa na kiwanja cha kufungia punda. Kulikuwa na mama wa pombe ya kienyeji aliyesema, "Kanikataza kumuuzia kijana mmoja hapa, kasema kalewa tayari. Ni mwenyekiti wenu wa mtaa?" Kila mtu alikuwa na kipande chake cha mzee. Mehjabin alipita anakimbia nusu, mtandio umemwanguka mabegani, anaogopa magari, anaogopa mtaro, anaogopa yote, na katikati ya hofu ile kulikuwa na mshangao unaomfuata. Baba yake alikuwa na mji mzima huku nyuma, na hakuna siku aliyowahi kuusimulia mezani.

Kichochoro kikawatoa mbele ya nyumba ya ghorofa yenye roshani ya chuma.

Mehjabin aliijua kabla hajainua macho. Ilikuwa ni nyumba yao. Chini, duka la vitambaa halikuwepo tena. Barazani palitundikwa viatu vya mpira, tochi za kichwani, makarai, sululu na mabunda ya kamba, maana siku hizi anayeingia mjini na pesa ya haraka si mkulima wa pamba, ni mchimbaji wa dhahabu. Na kutoka mlangoni hadi barabarani kulikuwa na foleni ya wanaume wenye vumbi la mwamba kwenye kope, wanachekacheka.

Ndani, nyuma ya kaunta, alikuwa Mzee Liaquat. Kavua viatu. Anauza.

Alikuwa akipima kamba ya kushukia machimboni kama alivyopima kitambaa zamani zile: ncha puani, mkono umenyooshwa hadi mwisho, ncha puani, mkono umenyooshwa. Akimaliza aliongeza shubiri moja ya bure kwa mteja, akakata, akataja bei. Bei yenyewe ilikuwa ya enzi za senti. Nyuma yake alisimama mwenye duka, jina lake Maduhu, jibaba lenye tumbo na sura ya furaha, akiinua vidole juu ya kofia ya mzee kuwaonyesha wateja bei ya leo.

"Baba!" Mehjabin alipenya.

"Mama, samahani, foleni," akasema Maduhu. "Mzee hamhudumii aliyeruka foleni. Sasa hivi kamfukuza jamaa wa Bulyanhulu, tena mwenye hela zake."

"Huyu ni baba yangu!"

"Sawa kabisa. Na sisi hapa wote ni wajukuu zake. Panga foleni."

Wale wanaume walicheka, lakini mmoja wao, aitwaye Magesa, aliona uso wa Mehjabin, akamwonea huruma. "Mama, usiogope, yuko salama. Sisi watu wa duara, huko shimoni tunaishi kwa nyota tu. Mzee hatujui katokea wapi, kaingia, kapitiliza hadi nyuma ya kaunta, kaanza kazi. Tena anasema Kisukuma cha mababu. Hiyo si bure! Kamba aliyoikata huyu haikatiki. Mimi nimeshanunua, nimerudi kununua tena."

"Ananitia hasara kwa hizo shubiri zake," Maduhu alisema, "lakini leo nimeuza jamani, acheni tu."

Mehjabin akapanga foleni. Angefanyaje? Mbele yake mtu na mtu wanahudumiwa, na kila mmoja mzee anamuuliza kitu, anacheka naye, anampiga bega. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kusimama dukani kwa baba yake. Kutoka roshani alikuwa akiona kofia. Kumbe chini ya kofia kulikuwa na mtu mcheshi namna hii! Anatania, anakonyeza, anajifanya kukasirika. Uchungu ulimpanda hadi machoni. Wageni hawa wote walimpata, kijiji baada ya kijiji, msimu baada ya msimu, na yeye ghorofani alipata mkono.

Zamu yake ikafika. Mzee akainua macho. Macho yalikuwa maangavu, na hayakumjua.

Akasalimia kwa Kisukuma, salamu ndefu. Lusia, aliyesimama pembeni, akaitikia kwa niaba yake. Mzee akatikisa kichwa, akauliza jambo huku anamtazama Mehjabin peke yake.

"Anauliza wewe mtoto wa nani," Lusia alisema taratibu. "Ndiyo desturi, Mama Naznin. Kwanza ajue kwenu, ndipo salamu itimie, ndipo akuuzie."

Mehjabin akalowanisha midomo.

"Mtoto wa Liaquat," alisema.

Lusia akatafsiri. Mzee akacheka! Akacheka hadi akajishika kaunta, kisha akamnyooshea kidole kwa utani, akasema maneno mengi, na Lusia akawa anayafuata nyuma nyuma.

"Anasema usimdanganye mtu mzima. Yeye anamjua Liaquat vizuri. Liaquat ana binti mmoja tu, tena mdogo bado, hajamaliza kung'oka meno. Yuko shule Mwanza. Anaitwa..."

"Mehju," mzee alimalizia mwenyewe.

Mehjabin alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Mzee aliinama karibu naye, sauti ikashuka, utani umemtoka.

"Anakuuliza kama unatoka Mwanza. Anasema unaonekana kama mwalimu. Anauliza unamjua?"

"Mwambie namjua."

Hapo mzee akaiweka kamba chini. Aliongea polepole, akisita, na Lusia naye akatafsiri akisita.

"Anasema siku anampeleka, yule mtoto alilia sana stesheni. Yeye akampa mkono tu. Anasema angemshika zaidi ya mkono, asingempandisha kwenye treni. Angerudi naye nyumbani, na mtoto angebaki bila kusoma. Anasema tangu siku ile, treni ya Mwanza ikipiga honi, anafunga duka. Hata kama wateja wamejaa, anawatoa. Wanamtukana, wanamuuliza ni Mhindi gani anayeacha biashara. Anakwenda stesheni kuangalia. Likizo au si likizo. Kwa sababu mtoto anaweza kuugua, anaweza kutoroka shule. Anasema, itakuwaje akishuka asikute mtu?"

"Eh!" Maduhu alimaka. "Mhindi wa treni! Mama yangu alikuwa akitusimulia! Anakuja mjini kununua khanga, honi inalia, duka linafungwa, anakaa barazani na hasira zake. Kumbe ndiye huyu?"

Mehjabin hakumsikia. Miaka yote ile aliposhuka kwenye treni alimkuta baba amesimama jukwaani, amenyoosha mkono, na alidhani mama ndiye aliyemlazimisha kuja. Alidhani anatazama saa yake kwa sababu biashara inamngoja. Alikuwa amekasirika na mtu huyu kwa nusu karne, kimyakimya, kwa heshima, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kukaa sasa. Alilia, tena kwa sauti, mbele ya wachimbaji wote wale. Magesa akavua kofia yake.

Mzee akashtuka. Akasema neno kwa haraka.

"Anauliza kama mtoto ana shida," Lusia alisema. "Anadhani umeleta habari mbaya."

"Hapana! Mwambie hana shida. Mwambie mzima." Mehjabin akajifuta uso kwa mtandio. "Mwambie anakuja leo."

"Mama Naznin..."

"Mwambie, Lusia."

Lusia akamwambia. Haya, usinitake nikueleze uso wa mzee ulivyokuwa. Alipiga makofi, akawaamuru wachimbaji watoke, wote, upesi, na wao wakatoka wakinung'unika kwa adabu. Akatafuta viatu vyake. Maduhu, ambaye duka ni lake na foleni ni yake, alivuta mlango wa chuma hadi nusu bila kuambiwa. Mzee akaondoka mbio mbio, na safari hii Mehjabin hakumshika kiwiko wala hakumwonyesha kitu. Alimfuata nyuma, mzee ndiye anayejua njia.

Stesheni ilikuwa kimya. Siku hizi treni ya abiria si ya kila siku, na siku ile haikuwa siku yake. Mbuzi wawili walikuwa wanakula maboksi karibu na reli. Mzee akaketi kwenye benchi la jukwaani, akanyoosha shati lake, akatengeneza kofia. Mehjabin akaketi upande mmoja na Lusia upande wa pili.

Simu ikalia tena.

"Dada, mbona ulinikatia? Mzee mzima?"

"Mzima. Tuko stesheni."

"Stesheni ya nini? Amekuita jina?"

"Amelitaja."

"Kukuita wewe?"

Angeweza kudanganya. Adam asingejua kamwe. "Hapana," alisema. "Mimi hanijui, Adam. Ananiona mwalimu."

"Pole, dada yangu. Basi Jumatatu mimi mwenyewe nitakuja uwanjani kumpo..."

"Haendi."

"Si tulikubaliana? Ulisema asipokuita..."

"Nilisema. Haendi. Hapa anamsubiri mtu, na huko kwako hatajua amsubiri wapi. Wewe ndiye utakuja. Nitakusimulia ukifika, kwenye simu siwezi. Na tiketi irudishe."

Akaizima simu kabisa, akaiweka kwenye mkoba. Hakujua atafanyaje na mabomba, na geti, na magoti yake. Atajua. Pengine wahamie hapa, pengine Lusia amfundishe Kisukuma, kidogo kidogo, kuanzia salamu. Mtu wa umri wake kuanza lugha, watu watacheka. Wacheke.

Mzee alimgusa bega. Akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeomba msaada kwa mgeni na hataki kusumbua.

"Anasema macho yake yamechoka," Lusia akatafsiri, "jua linamsumbua. Anaomba umsaidie kuangalia. Anasema ni mwembamba, ana gauni la bluu la shule na nywele kasuka mbili. Ana sanduku kubwa kuliko yeye. Ukimwona wewe kwanza, umwambie, ili asimame asimkute amekaa."

Reli ilikuwa tupu, imenyooka hadi inapopotelea kwenye vichaka.

"Nikimwona nitakwambia, Baba," Mehjabin alisema, akakaza macho upande wa Mwanza.